Usukani wa Land Cruiser mkonga unacheza singeli? Anza na tope, shokapu ya steringi baadaye

Juzi kaja kijana mmoja dereva wa safari hapa gereji Arusha, ndo katoka Serengeti usiku wake, "Shikamoo fundi, hii gari itaniua." Nikamwambia marahaba mdogo wangu, kaa kwanza unywe maji. Gari yenyewe Land Cruiser mkonga, zile ndefu za kubeba wageni. Anasema vumbi lote hadi geti la Lodoare, lile la Ngorongoro, hakusikia kitu, alivyoingia lami akafika 80 usukani ukaanza kutetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, na alivyopita kishimo pale karibu na Makuyuni eti kichwa chote cha gari kikaanza kutikisika kushoto kulia, ikabidi asimame kabisa ndo kikatulia. Na wiki 2 nyuma alikuwa kashafungiwa shokapu ya steringi mpya, ile ya kuzuia usukani usitikisike, mahali pengine, sio kwangu.

Sasa sikilizeni, hapo kuna magonjwa mawili, sio moja, na watu wengi wanayachanganya.

Nikavua tairi la mbele kushoto, nikaingiza mkono ndani ya rimu. Tope jeusi, lile la mfinyanzi la kule chini, limekauka kama tofali, limeganda upande mmoja tu. Nikalibandua na bisibisi, nikaliweka kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu (msimwambie), gramu 340. Mnaona ni kidogo? Haya hesabu: gramu 50 tu zikiwa kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16, gari ikiwa kilomita 100 kwa saa, tairi linazunguka kama mara 11 kila sekunde na kila mzunguko zile gramu 50 zinavuta kama mzigo wa kilo 5. Huyu alikuwa na gramu 340. Ukipunguza mwendo ukawa 50 ile nguvu inashuka mpaka robo, ndo maana mjini hausikii kitu unasema gari iko poa.

Alafu kuna wale wanasema fundi mbona nikifika 110 inatulia? Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, ukisukuma kwa mapigo yake bembea inapaa, ukisukuma haraka zaidi hamuendani. Mbele ya gari nako kuna mapigo yake, na tairi lenye uzito upande mmoja linayapata hapo kati ya 80 na 100. Ukipita hapo linapoa lakini ugonjwa upo palepale, unakula beringi zako taratibu.

Kwa hiyo kabla ya balansi yoyote, yaani kulizungusha tairi kwenye mashine na kuliwekea vyuma vidogo vya uzito mpaka lisawazike, osha rimu, ndani na nje, na mtu wa mashine akikuwekea tairi lina tope mwambie ashushe. Nimeona kwa macho yangu tairi linabalansiwa na tope lake, yaani vyuma vinabandikwa kusawazisha tope, kesho yake tope linadondoka njiani unarudi kulalamika. Vile vyuma vya kubandika navyo, rimu ifutwe na petroli mpaka ing'ae la sivyo havimalizi wiki kwenye rafu rodi. Vya kubana ukingoni upande wa nje mawe yanaving'oa, mimi nikiweza nabandika ndani.

Jambo lingine la mashine ni koni, ile inayoweka rimu katikati. Rimu isipokaa katikati kwenye shafti ya mashine utabalansi mpaka Krismasi. Namna ya kujua ni rahisi, akimaliza inasoma sifuri mwambie alegeze nati, azungushe rimu nusu mzunguko kwenye shafti, akaze, apime tena. Ikisoma gramu 30, 40, hiyo balansi haikuwa balansi. Rimu za ringi, zile zenye pete ya kushikilia tairi, zenye tyubu ndo kichwa kinauma zaidi maana nyingi zimepinda na tyubu inakaa inavyotaka yenyewe. Hizo kwanza napiga jeki, nazungusha tairi kwa mkono na chaki nimeishikilia karibu na tairi, nione linapanda kiasi gani. Likipanda kama nusu sentimita hakuna chuma cha kutibu hiyo, hilo ni rimu au tairi lenyewe limevimba ndani.

Na madereva wa mchanga mnisikie hapa. Ukishusha upepo wa tairi mpaka psi 18 alafu ukapiga breki za nguvu, tairi linaweza kuteleza juu ya rimu, balansi yako imekwenda hivohivo bila chuma hata kimoja kudondoka. Piga alama ya rangi kwenye tairi na kwenye rimu zikiangaliana, siku zikiachana umeshajua.

Basi tukaosha tukabalansi zote 4, tukaenda kujaribu, 80, 90, 100, usukani umetulia kama maji ya mtungini. Kijana akafurahi akataka kuondoka. Nikamwambia bado, tafuta kishimo. Tukapita kimoja kwa tairi la kushoto, kichwa kikaanza tena.

Hiyo sasa ndo ya pili, na hii haitoki kwenye tairi, inatoka kwenye ulegevu. Gari yenye ekseli zima mbele, yaani chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, tairi mbili zimeunganishwa na fimbo moja, kukiwa na plei mahali moja ikitikisika inaitikisa mwenzake na mwenzake anairudishia. Shokapu ya steringi inaficha tu, kama panadoli kwenye jino bovu, ndo maana nafuu yake ilidumu wiki 2.

Napimaje. Gari kwenye jeki, shika tairi juu na chini tikisa. Likicheza, mtu akanyage breki. Plei ikipotea ni beringi za tairi, ikibaki ni kingipini, pini ambayo tairi linageukia ukikata kona. Shika kushoto na kulia, hapo unaangalia tairodi endi, vile viungo vya ncha za fimbo inayounganisha tairi. Alafu shusha gari chini, injini inawaka, mtu akae achezeshe usukani haraka haraka kidogo kidogo, wewe uwe chini unaangalia panihadi, ile fimbo ya kukingama inayotoka kwenye chesisi upande mmoja mpaka kwenye ekseli upande wa pili. Hii watu hawaipimi kwa sababu gari ikiwa juu ya jeki haionyeshi kitu. Ya huyu kijana bushi, ile raba ya kwenye kiungo, ya upande wa chesisi ilikuwa imeliwa mpaka bolti inagonga, tundu lenyewe limeanza kuwa yai. Tukajaza tundu kwa welding, tukachonga, bushi mpya, bolti mpya.

Wale mlionyanyua gari inchi 2 kwa springi ndefu, nyie mna la ziada, kasta, yaani ulalo wa mhimili ambao tairi linageukia. Angalia uma wa mbele wa baiskeli umelala nyuma, ndo maana unaweza kuachia mikono. Ukinyanyua gari ekseli inajizungusha mbele, ule ulalo unapungua, usukani unakuwa mwepesi na haurudi wenyewe. Kuna bushi za kurudisha kasta, funga hizo kabla hujaanza kulaumu matairi.

Kijana tulimtoa siku ya pili jioni. Shokapu yake mpya tukairudishia palepale, haina kosa lolote. Tairi la spea hakutaka liguswe, anasema halijatembea. Nikaingiza mkono kwenye rimu yake, tope.