Kwa nini ujumbe wa simu humfanya mtu anawe mikono, au aache?

Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa Corona tarehe 21 Machi 2020. Wizara ya Afya ikahimiza sabuni na barakoa, huku simu zikileta mengine: ugonjwa ni wa wazungu, jua letu linaua virusi. Kwa nini baadhi waliufuata ushauri na wengine wakaupuuza?

Kabla ya kujikinga, mtu hujiuliza mambo mawili: utanipata mimi? Na ninaweza kufanya nini? Uvumi wa "ni wa wazungu" huua swali la kwanza. Asiyejiona hatarini hana sababu ya kutafuta sabuni. Video za maiti hukosea kwa upande mwingine. Zinatia hofu bila kuonyesha njia, na hofu isiyo na njia huchosha moyo, hadi mtu aone nafuu kuamini kwamba ugonjwa haupo. Muuza nyanya wa Busia akiambiwa "kaa nyumbani", atakula nini? Akiambiwa "weka ndoo ya maji na sabuni kando ya meza", hilo analiweza leo hii.

Huko Uingereza, utafiti wa 2020 ulikuta kwamba walioegemea mitandao ya kijamii, hasa YouTube, kupata habari za Corona waliamini zaidi kuwa kuna njama nyuma ya ugonjwa huo, na walioamini njama walijikinga kidogo. Haina maana kwamba video ndizo zilizowapotosha wote. Huenda mwenye shaka ndiye anayezitafuta.

Kwangu mimi, jambo zito zaidi ni mtumaji. Ujumbe wa WhatsApp hufika na jina la shangazi, si la aliyeutunga, nasi tunamwamini shangazi. Ukiwa ni sauti ya Kisamia au Kisoga, unagusa kuliko tangazo la Kiingereza. Aprili 2020 WhatsApp yenyewe iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi utumwe kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati.

Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa wilayani Mubende, Uganda, Septemba 2022, hakukuwa na chanjo iliyoidhinishwa dhidi yake. Kinga ilikuwa kumripoti mgonjwa mapema na kutoosha wala kugusa maiti. Familia ikiambiwa kwamba ni uchawi, humpeleka mgonjwa wake kwa mganga, na wanaomshika njiani huweza kubeba virusi.