Usiniambie Ni Kizuri, Niambie Kilikushika Wapi

Ombi linalonifikia zaidi nikiwa kaunta ya maktaba ni fupi: "Nipe kitabu kizuri." Silijibu kwa kutaja kitabu. Namrudishia mwenyewe swali: kipi cha mwisho kilikunogea, na kilikunogea vipi? Kisha nanyamaza nimsikilize. Kazi yote ya kupendekeza vitabu imo katika maelezo yake hayo, na yeyote anayependa kuwashirikisha wenzake anachokisoma anaweza kuifanya bila kusomea ukutubi.

Wengi hudhani kinachomfunga msomaji na kitabu ni mada. Kapenda riwaya ya upelelezi, basi mpe upelelezi mwingine. Mwaka 1989 wakutubi wawili wa Marekani, Joyce Saricks na Nancy Brown, walichapisha mwongozo wa kuwashauri wasomaji ambao ulitufundisha kutazama mambo mengine kwanza: mwendo wa hadithi, wahusika, mkondo wa kisa na mazingira yake. Nancy Pearl, aliyekuwa mkutubi Seattle, huzungumzia milango minne ya kuingilia kitabuni, yaani kisa, wahusika, mandhari na lugha. Naipenda zaidi hiyo milango kwa sababu inasikika katika mazungumzo ya kawaida. Anayesema "nilikesha nacho mpaka nikajua nani kaua" ameingia kwa kisa. Anayesema "yule bibi nitamkumbuka sana" ameingia kwa wahusika. Wa mandhari atakueleza baridi ya kule mlimani, na wa lugha atakitafuta ukurasa akusomee.

Msomaji mmoja alirudisha riwaya nene ya upelelezi akataka nyingine kama hiyo. Nilipomwomba anisimulie, maiti hakuitaja kabisa. Alinieleza jinsi mpelelezi alivyokuwa akimpikia binti yake kila jioni, wakila bila kusemezana, na ile siku binti alipomuuliza kwa mara ya kwanza habari za mama yake. Habari za muuaji alikuwa ameshazisahau. Nikampa riwaya ya mzee na mjukuu wanaoishi nyumba moja, isiyo na uhalifu wowote. Alipoirudisha, aliuliza kama mwandishi yule ana nyingine. Kwa mada, vitabu vile viwili havikuwa na undugu wowote.

Ndiyo maana sifa tupu hazinisaidii. "Kizuri sana, lazima usome" inanijulisha kwamba umefurahi, nami nafurahi pamoja nawe, lakini sijui kama kitanifaa. Niambie umefika ukurasa wa ngapi. Niambie kama kinakwenda mbio au kinatembea polepole, kama msimulizi ni mmoja au ni watano, kama sura ni fupi za kusomeka safarini au zinahitaji utulivu wa usiku. Unaweza kuyasema haya yote bila kugusa mwisho wa hadithi. Sema pia kinachoweza kumkwaza mtu: mwanzo uliojikokota, kifo cha mtoto, mateso yaliyoelezwa kwa kina. Aliyefiwa juzi ana haki ya kujua kabla hajafungua, na onyo kama hilo halijawahi kukipunguzia kitabu heshima.

Orodha za vitabu vinavyouzwa sana zina faida yake, lakini hazimjui msomaji. S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati wa India aliyekabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, alitoa kanuni tano za ukutubi mwaka 1931. Ya pili inasema kila msomaji na kitabu chake, ya tatu kila kitabu na msomaji wake. Hiyo ya tatu naishikilia kwa dhati. Rafuni kuna vitabu ambavyo havijaazimwa miaka mingi, si kwa ubovu, bali kwa kukosa mtu wa kumwambia mwenzake "hiki ni chako". Kwa hiyo ninapotoa vitabu, hutoa viwili au vitatu tu. Vya kwanza huwa karibu na alichokipenda, na cha mwisho hukitoa mbali kidogo na mazoea yake. Ukimtajia kumi, hachukui hata kimoja.

Akishachukua, namwachia uhuru wa kutomaliza. Hapa Pearl ana kanuni nyingine ninayoipa uzito: soma kurasa 50, na kama hakijakushika, kiache. Aliyevuka miaka 50 atoe umri wake kwenye 100, kinachobaki ndizo kurasa anazodaiwa na kitabu. Mwenye miaka 60 anasoma 40. Wapo wanaoona aibu kurudisha kitabu walichokisoma nusu, hasa kama kilitoka kwa rafiki, na aibu hiyo huwafanya wasiombe tena. Wewe uliyempendekezea ndiye wa kuiondoa, na njia nyepesi ni kumuuliza bila kununa: kilikushindia wapi? Atakwambia majina yalikuwa mengi yakamchanganya, au mhusika mkuu alimchosha kwa kulalamika, au sentensi ndefu zilimpoteza. Kila jibu kati ya hayo linakuelekeza rafu nyingine. Aliyechanganywa na majina, kwa mfano, mtafutie riwaya yenye watu watatu na nyumba moja.