Chipu za Kasino Zilizotumika: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana inayowaponza wanunuzi wengi wapya ni kwamba chipu ya kasino, yaani kile kipande cha duara kinachowekwa mezani badala ya fedha, ni mali ya aliyeinunua na kwamba thamani iliyoandikwa juu yake haifutiki. Sivyo ilivyo. Katika jimbo la Nevada, kilipo kitovu cha biashara ya kasino nchini Marekani, Kanuni ya 12 ya tume ya michezo ya kubahatisha inaitambua chipu kuwa alama tu ya deni ambalo kasino inadaiwa na aliyeishika, huku chipu yenyewe ikibaki mali ya kasino iliyoitoa. Deni hilo lina ukomo: kasino ikifungwa, au ikiamua kubadili chipu zake, hutangaza muda wa kuzikomboa, na muda huo ukipita, zilizorudishwa huharibiwa, ilhali zilizosalia mikononi mwa watu hazilipwi tena hata senti. Kuanzia hapo mwenye kuamua bei ni mkusanyaji.

Wizi wa Desemba 14, 2010 katika kasino ya Bellagio, Las Vegas, unalidhihirisha jambo hili. Mtu mwenye bastola, akiwa amevaa kofia ya pikipiki, aliondoka na chipu za takriban dola milioni 1.5, baadhi zikiwa za dola 25,000 kila moja. Kasino haikuhitaji kumkimbiza ili kuzifanya chipu hizo kubwa zisiwe na thamani. Ilitangaza tu kwamba toleo lile la dola 25,000 halitalipwa tena baada ya Aprili 22, 2011. Mwizi alinaswa alipokuwa akijaribu kuziuza kwa askari kanzu, yaani polisi asiyevaa sare. Kwa maoni yangu, anayenunua chipu kubwa ili aziuze tena hana budi kuuliza mambo mawili kabla ya kutaja bei: je, aliyezitoa bado anazilipa, na zilitokaje mle ndani?

Wapo wanaoamini pia kwamba chipu halisi ni ya udongo mtupu, na kwamba iliyo nzito ndiyo bora. Chipu za kasino za Marekani zinazoitwa za udongo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa udongo na viambato vingine, ulioshindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 8.5 na 10. Zile za gramu 11.5 au 13.5 zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani mara nyingi ni plastiki yenye kisahani cha chuma kilichofichwa ndani yake. Anayetaka kuzitambua zile za kasino atazame ukingo wa uso wake: chipu nyingi za chapa ya Paulson, kwa mfano, zina alama za kofia ndefu na bakora zilizochapwa kuzunguka duara lake.

Chipu ya mashindano ya poka, mchezo wa karata, yenye tarakimu 5,000 nayo hudhaniwa kuwa na thamani ya dola 5,000, hali haina thamani ya fedha kabisa, kwa kuwa huhesabu tu nafasi ya mchezaji ndani ya shindano husika. Mnamo Januari 2014, katika kasino ya Borgata, Atlantic City, mchezaji mmoja aliingiza chipu bandia za namna hiyo, kisha akazitupa zilizosalia chooni hotelini hadi mabomba yakaziba. Zilizomponza zilikuwa chipu ambazo hata zingekuwa halali zisingebadilishwa kwa fedha kwenye dirisha la malipo la kasino.

Kuhusu usafishaji, wanaodhani kwamba chipu inayong'aa hupata bei kubwa zaidi wanasema kweli kwa mnunuzi anayetaka seti ya kuchezea tu. Mkusanyaji hutafuta kingo kali na rangi ya asili, na brashi ngumu au dawa ya kuondoa madoa huviharibu vyote viwili, wala hakuna namna ya kuvirudisha.