Kwa nini neno moja la Kiingereza, set, lina maana zaidi ya mia nne?

Miaka hiyo ndiyo kwanza nimeanza kutafsiri kwa malipo. Nikapewa karatasi mbili za maelekezo ya kusimika nguzo za uzio, kazi ya jioni moja nikadhani. Katikati kulikuwa na sentensi iliyosema zege liachwe li-set kwanza, ndipo mtu a-set nguzo inayofuata, na mwisho a-set kipimo cha mkazo wa waya. Nikafungua kamusi yangu ya mfukoni, nikaona "weka", nikaandika weka mara tatu. Zege liachwe liwekwe.

Fundi aliyepewa nakala aipitie akacheka kidogo. "Mdogo wangu, zege ukishalimwaga umeshaliweka. Hapa wanataka lishike."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichunguza neno hili kama mtu anayemchunguza jirani mwenye kazi nyingi zisizoeleweka. Mwalimu wa Kiingereza aki-set mtihani, sisi tunasema ametunga. Mwindaji aki-set mtego, ametega. Tabibu aki-set mfupa uliovunjika, ameunga. Sonara aki-set jiwe kwenye pete, amepachika. Meza ya chakula inaandaliwa, tanga linatwekwa, nyumba inatiwa moto, jeli inaganda, jua linatua, na kote huko Mwingereza ana neno lile lile la herufi tatu, halibadiliki hata likienda wakati uliopita. Chapa ya pili ya kamusi kubwa ya Oxford, iliyotoka mwaka 1989, iliorodhesha maana 430 za kitenzi hiki, na maelezo yake yakachukua takriban maneno 60,000. Hicho ni kitabu kizima, juu ya neno moja.

Sasa, yametoka wapi yote hayo?

Jibu ni rahisi zaidi kwa Mswahili kulielewa kuliko kwa Mwingereza mwenyewe, kwa sababu sisi kauli ya kutendesha tunaitumia kila saa. Set ni "ketisha". Kiingereza cha kale kilikuwa na sittan, yaani kuketi, na settan, yaani kumfanya mtu au kitu kiketi. Wajerumani bado wanayo jozi hiyo wazi kabisa: sitzen na setzen. Waswidi nao: sitta na sätta.

Na namna jozi hiyo ilivyotengenezwa inafanana ajabu na mambo yetu. Zamani za mababu wa lugha hizo, kitenzi kilipachikwa sauti ya "y" mwishoni ili kiwe cha kutendesha. Sauti ile ikaivuta irabu iliyotangulia, a ikawa e, kisha yenyewe ikatoweka, ikaacha alama tu. Angalia Kiswahili: lala ikawa laza, waka ikawa washa, ogopa ikawa ogofya. Hapo nako zamani kulikuwa na sauti ya "i" iliyoivuruga konsonanti ya jirani yake. Sisi ilituharibia konsonanti, wao ikawaharibia irabu. Mtindo ni ule ule, na lugha hizi hazina undugu wowote.

Kiingereza kimebakiwa na vitenzi vichache vya aina hii, na wengi wanaokizungumza hawajui kwamba ni jozi. Lie na lay ni lala na laza. Fall na fell ni anguka na angusha, ingawa hiyo ya pili siku hizi hutumika zaidi kwa miti. Ninayoipenda mimi ni drink na drench: kunywa na kunywesha. Mjini drench imegeuka kuwa kulowesha chapachapa, lakini muulize mfugaji wa Kenya. Akikwambia kesho ana-drench mbuzi, hakusudii kuwamwagia maji. Anawanywesha dawa ya minyoo. Maana ya kale kabisa imejificha zizini.

Ukishaishika hiyo "ketisha", maana nyingi kati ya zile mia nne zinaanza kujipanga. Kila mara jiulize nani anaketishwa wapi. Jiwe linaketishwa kwenye pete. Mfupa unarudishwa kwenye kiti chake. Mishale ya saa inaketishwa kwenye saa inayotakiwa. Hata jua: Waingereza wa kale machweo waliyaita safari ya jua kwenda kwenye kiti chake, na neno lao la kiti, setl, ni la ukoo huo huo. Sisi tunasema jua limetua, kama mchukuzi aliyetua mzigo au ndege aliyetua tawini. Sijui kama kuna njia nzuri zaidi ya kulisema jambo hilo katika lugha yoyote.

Turudi kwenye zege. Hapo anayeketi ni zege lenyewe: lilikuwa likitembea, sasa limetulia halisogei. Wengi wetu tunasema zege "limekauka", na kusema kweli hilo linapotosha. Zege halishiki kwa kupoteza maji kama nguo kwenye kamba. Saruji inaungana na maji na kufanya kitu kipya kigumu, ndiyo maana mafundi wanalimwagilia siku kadhaa baada ya kulimwaga, na ndiyo maana wahandisi huzoea kupima nguvu yake siku ya 28. Yule fundi aliyesema "lishike" alikuwa sahihi kisayansi kuliko kamusi yangu na mimi tukiunganishwa.

Maana hiyo ya kutulia bila kusogea ndiyo unayoisikia uwanjani. Kwenye mbio za mita 400 na zilizo fupi zaidi, mwanzishaji huwaita wakimbiaji kwenye alama zao, kisha husema "set". Nyonga zinapanda, mikono imekaza chini, hakuna anayepumua, halafu mlio. Mbio za mita 800 na kuendelea hazina neno hilo. Wanaitwa kwenye mstari tu na mlio unafuata. Kutoka hapo pia ndiko kulikozaliwa vitu vilivyokwisha kuamuliwa na visivyobadilishwa, kama vile vitabu vya fasihi ambavyo wanafunzi wa Kenya wanaviita set books na ambavyo Kiswahili kimevipa jina zuri la vitabu teule.

Lakini kuna maana ambazo "ketisha" haizifungui hata ukilazimisha. Seti ya vikombe ina uhusiano gani na kuketi?

Hapa kuna mgeni aliyeingia nyumbani akafanana na wenyeji. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa vizazi kadhaa, na maneno yakamiminika. Mojawapo lilikuwa sette, kutoka Kilatini secta, maana yake kundi la wafuasi wa mtu au mafundisho fulani. Neno la Kiingereza la madhehebu, sect, limetoka huko huko. Wafuasi wa sette na vitu vilivyo-set pamoja wakaanza kuchanganyika midomoni mwa watu, mpaka leo watunga kamusi wanapata taabu kusema nomino ile ilianzia wapi na kuishia wapi. Kwa hiyo vikombe sita kabatini vina damu ya pande mbili: kwa upande mmoja vimewekwa pamoja, kwa upande wa pili ni waumini wa dhehebu moja.

Hiyo ya kundi ndiyo iliyokuja kwetu kwanza kwa heshima zote, na cheti cha shule. Seti ya namba shufwa, seti ya sofa, kushinda seti tatu kwa bila kwenye voliboli. Ya kitenzi ikaja baadaye, kwa mlango wa nyuma. Pita saluni yoyote ya Dar es Salaam usome ubao wa bei, "kuosha na kuseti" haikosekani: nywele zinafungwa kwenye rola zikiwa mbichi, mteja anaingizwa chini ya draya, anatoka na mawimbi. Fundi wa dishi naye yuko juu ya bati, anapiga kelele kuuliza kama picha imekuja, maana bado anaseti. Na kijiweni mtu akilalamika kwamba "amesetiwa", amepangiwa njama akanaswa. Dada wa saluni hahitaji kujua lolote kuhusu njama, na hakuna anayechanganyikiwa.

Tusijifanye kushangaa sana, maana na sisi tuna letu. Mfundishe mgeni kitenzi "piga" uone uso wake. Anapiga simu, anapiga picha, anapiga pasi, anapiga mswaki, anapiga deki, anapiga kura, anapiga magoti, anapiga hodi, anapiga chafya, na kati ya hao wote hakuna aliyeumizwa. Vitenzi vya namna hii ni vya mwili, vifupi, mtoto anavijua kabla ya kujua kuhesabu, na ndiyo maana kila jambo jipya likitokea vinaitwa visaidie. Tofauti ni kwamba sisi tukitaka maana mpya tunarefusha mkia: weka, wekea, wekeza. Mwingereza anaacha kitenzi kilivyo na kukiambatanisha na kineno kingine nyuma, set up, set off, set aside, kila kimoja na maisha yake.

Ubingwa wenyewe, kwa taarifa yako, set ameshanyang'anywa. Oxford walipokuwa wakiandika upya kamusi yao, mhariri Peter Gilliver alikaa na kitenzi run kwa takriban miezi tisa, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kimefikisha maana 645. Sababu si ngumu kuiona: tangu zije mashine, kuanzia injini hadi programu ya kompyuta, zote kwa Kiingereza "zinakimbia". Kuketi kumeshindwa na kukimbia.

Zile karatasi za uzio nilizirekebisha usiku ule ule. Zege likashika, nguzo ikasimikwa. Ile set ya tatu, ya kipimo cha waya, fundi hakuigusa, na mimi sikupata neno lililonikaa sawa. Nikaandika "seti kipimo". Uzio ulijengwa.