Je, wajua kwa nini uwanja mdogo ukiujaza mimea ndo unaonekana mkubwa?

Hapa Tabora mtu akiwa na kauwanja ka mita 4 kwa 5 mbele ya nyumba, iwe Isevya au Ng'ambo, mara nyingi anakafagia kanabaki keupe, anaweka maua mawili matatu kwenye makopo pembeni basi, maana anaona akipanda vingi patabana. Kumbe ni kinyume kabisa.

Mambo yote yako machoni. Uwanja mtupu ukisimama mlangoni unauona wote mpaka ukutani, jicho limeshamaliza kazi. Lakini ukiweka mmea mrefu katikati halafu kanjia kakapinda kupita nyuma yake, huoni kanakoishia, unahisi huko mbele bado kuna kitu na inabidi utembee ndo ukione.

Staili hii ya kujaza mimea mchanganyiko kwenye kauwanja kadogo, Waingereza wanaiita cottage garden, asili yake ni vijijini Uingereza, vibarua wa mashambani walikuwa na vipande vidogo tu vya ardhi mlangoni kwa hiyo kabichi, mitishamba ya dawa, mti wa matunda, mizinga ya nyuki na maua vyote vilikaa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1800 wataalamu wa bustani William Robinson na Gertrude Jekyll wakaipigia debe sana, wakati huo wenye nazo walikuwa wanapanga maua kama askari wa gwaride. Jekyll alisomea uchoraji kabla ya kuwa mtu wa bustani, na rangi alizijua: nyekundu na chungwa zinamsogelea mtu, bluu na zambarau hafifu zinarudi nyuma. Kwa hiyo maua mekundu weka karibu na mlango, ya bluu peleka mwisho kule, ukuta utaonekana umesogea mbali. Mi hii naipenda kuliko zote maana haina gharama yoyote.

Kwa mimea yetu inawezekana vizuri tu. Ukutani pandisha pasheni au bogenvilia, kona moja mpapai, katikati waridi, ngogwe na bamia (ua la bamia watu hawaliangaliagi, njano na katikati jekundu la kuiva, zuri mno!), mbele kwenye njia mrehani, mchicha na vitunguu majani. Mchaichai upe nafasi yake, unatanuka. Usipande kamoja kamoja, panda vitatu vitatu au vitano vya aina moja pamoja, la sivyo macho yanachanganyikiwa na panaonekana pachafu. Njia iwe na upana wa kupita na ndoo.

Kiangazi chetu ndo mtihani, kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua ni kama hakuna, na udongo wenye mchanga haushiki maji. Mimea ikisongamana kivuli chake kinafunika ardhi, jua haliipigi moja kwa moja na magugu yanakosa mwanga, ila mwanzoni lazima umwagilie, kwa hiyo anza Novemba mvua zikifika, changanya samadi kwanza. Ukitandaza majani makavu kagua mchwa mara kwa mara.

Na nyoka? Hofu hiyo ni ya kweli, ndo maana wazee wanafagia uwanja. Mita moja kuzunguka nyumba acha peupe, mimea ya karibu na njia iwe mifupi, na usirundike matofali wala kuni ndani ya bustani, huko ndo wanakojificha.