Hitchcock kabla ya sauti

Ukitaka kujua mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alijifunzia wapi kumweka mtazamaji roho juu, usianze na Psycho, filamu yake maarufu ya baadaye. Rudi miaka ya 1920, filamu zikiwa bado bubu. Alitengeneza kumi za aina hiyo, na nyingi hazina muuaji wala mpelelezi: ni mapenzi, ndondi, hata vichekesho vya shambani. Moja, The Mountain Eagle, imepotea.

Alianzia studio ya Islington, London, akichora vibao vya maandishi, yale maneno yanayokatiza picha ili tujue nani kasema nini. Aliyechora vibao vingi, nadhani, ndiye ajuaye vingapi si vya lazima. Mwaka 1924 alifanya kazi Babelsberg, Ujerumani, akamwona mwongozaji Mjerumani F. W. Murnau akipiga The Last Laugh, filamu ambayo karibu haina kibao hata kimoja.

Matunda yake yako ndani ya The Lodger, iliyotoka 1927. Mpangaji mpya anashukiwa kuwa ndiye anayewaua wasichana wenye nywele za dhahabu. Wenye nyumba wako chini, yeye yuko ghorofani anatembea huku na huko. Leo sisi wahariri tungebandika vishindo vya viatu, basi. Hitchcock hakuwa na vishindo. Alitengenezesha sakafu ya kioo kinene, akamtembeza Ivor Novello, mwigizaji wa mpangaji, juu yake na kupiga picha kutoka chini. Taa ya dari inayumba, watu wanainua macho, na dari yenyewe inageuka uwazi: tunaziona nyayo. Unasikia kwa macho! (Msambazaji hakuipenda, akaiweka kando. Mhariri Ivor Montagu aliitwa kuirekebisha, na jambo kubwa alilofanya lilikuwa kupunguza vibao.)

The Ring, ya mwaka huohuo, haina mauaji kabisa, nami naipenda zaidi. Bondia ameshinda, anawamiminia rafiki zake shampeni, lakini hataki wanywe mpaka mkewe afike. Mke yuko na mwanamume mwingine. Kamera inatazama glasi: mapovu yanapungua, yanaisha. Hakuna aliyetamka neno, na ndoa tumeshaiona ilipofikia.

Filamu yake Champagne ya 1928 inachosha, siwezi kuitetea.

Blackmail ya 1929 ilianza ikiwa bubu, kisha sehemu zake zikapigwa upya kwa sauti. Mwigizaji mkuu, Anny Ondra, alikuwa na lafudhi ya Kicheki, kwa hiyo Joan Barry alisema maneno kando ya kamera huku Ondra akichezesha midomo. Humo jirani anapiga domo kuhusu mauaji mbele ya msichana aliyeua, na maneno yote yanafifia isipokuwa moja: kisu, kisu, kisu. Waongozaji wenzake Hitchcock walikuwa bado wanafurahia tu kwamba waigizaji wanasikika. Yeye alikwisha kuamua kipi kisisikike.

Filamu tisa zilizosalia zilikarabatiwa na British Film Institute mwaka 2012. Ukizipata, anza na The Ring.