Kucheza Kilwa: nchi yetu katika gemu ya mwaka 1444

"Mjomba, mbona Tanzania haipo?"

Mpwa wangu alikuwa ameizungusha ramani yote ya Europa Universalis IV, gemu ya kuongoza dola, kwenye kompyuta yangu hapa Sinza, akitafuta bendera ya kijani na buluu. Gemu hiyo inaanza tarehe 11 Novemba 1444. Nikamwambia atafute mji. Hata hii Dar es Salaam anayoishi asingeiona, kwa sababu Mzizima ilikuwa kijiji tu mpaka Sultani Majid alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860, na Muungano ni wa 1964. Akifungua gemu nyingine, Hearts of Iron IV, inayoanza 1936, Tanganyika ataikuta, lakini chini ya Uingereza. Ukitaka kucheza nchi yako na amri iwe mkononi mwako, chagua Kilwa.

Mimi nafundisha historia ya pwani, na Kilwa nimeicheza kuliko dola nyingine yoyote. Wengi wanaoanza nayo huiendesha kama Ufaransa: wanajaza askari, wanaingia bara. Mpwa wangu naye alifanya hivyo. Aliipiga Mutapa, dola ya bara kule Zimbabwe, ili apate machimbo ya dhahabu, na dhahabu ikaingia kweli, ila humu dhahabu ya machimbo huja na mfumuko wa bei. Kufika 1490 kila kitu kilikuwa kimepanda, majimbo ya bara yanaasi kwa zamu, na mikopo minne inamsubiri. Kilwa ya kweli haikuwahi kuyatawala machimbo yale. Dhahabu ilichimbwa na wenye nchi kule nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka bandari ya Sofala, kusini katika Msumbiji ya leo, ikapakiwa kuja Kilwa.

Kwa nini ije Kilwa? Upepo. Jahazi lililotoka Arabuni au India na kaskazi liliweza kufika Kilwa, likauza, likanunua, kisha likarudi na kusi bila kulala mwaka mzima ugenini. Ukishuka kusini zaidi, hesabu hiyo huharibika. Basi vyombo vya pwani vikaenda kuichukua mali ya Sofala na kuileta pale ambapo mgeni angeweza kuifikia na kurudi kwao. Katika gemu meli zangu huondoka Kilwa kwenda Aden mwezi wa Januari na zinafika. Nahodha wa jahazi angekataa hata kupandisha tanga.

Lakini kinachonikereketa zaidi ni ramani ya biashara, na ndiyo ninayowaomba wachezaji waikalie kwa makini. Dunia imegawanywa katika vituo, na chetu kinaitwa Zanzibar. Thamani ya bidhaa za majimbo ya jirani hukusanyika humo. Unaweza kumweka mfanyabiashara wako aichukue hapohapo, au aisukume kwenda kituo kinachofuata, na meli nyepesi ukizipa kazi ya kulinda biashara, fungu lako huongezeka. Ufundi wote wa Kilwa uko hapa. Unda meli nyepesi kadiri hazina inavyoweza kubeba, ishinde miji ya pwani inayokula chungu kimoja nawe, yaani Mombasa na Malindi, halafu kusanya nyumbani. Bara liache kwanza.

Sasa fuata mikondo hiyo kwa kidole. Kila mmoja una mwelekeo mmoja tu, uliowekwa na watengenezaji, na hakuna mchezaji anayeweza kuugeuza. Mwisho wake ni Venice, Genoa au English Channel. Mwaka 1444 Mreno hajaizunguka bado Rasi ya Tumaini Jema, ila pa kuishia mali yetu pameshachorwa. Hilo silikubali. Mali ilikuja Kilwa pia, na ilikaa. Nguo za India zilikuja na kuvaliwa. Kauri za China zilikuja, na ukienda Kilwa Kisiwani kwenye ule msikiti mdogo wa makuba unaambiwa bakuli za kigeni zilipachikwa juu kwenye kuba kuwa pambo. Tazama na sarafu. Masultani walifua sarafu za shaba, na shaba hainunui shehena ya hariri. Ni pesa ya sokoni, ya mtu wa mjini kununua chakula chake. Ile ya Ali bin al-Hasan ina jina lake upande mmoja, na upande wa pili inasema kwa Kiarabu kwamba anamtegemea Mola wa neema, *al-minan*. Hasan, minan: pande mbili za sarafu ndogo zimetiwa vina. Mji wa namna hiyo ulikuwa na soko lake, haukuwa njia ya kupitishia mizigo ya wengine.

Mreno naye atakuja. Katika historia, Francisco de Almeida alishusha askari wake tarehe 24 Julai 1505 na mji ukaanguka siku hiyohiyo. Amir Ibrahim aliyekuwa akitawala alikuwa ameutwaa utawala kwa nguvu, na mji ulikuwa umegawanyika. Gemu inalieleza jambo hili vizuri kwa kipimo chake cha uhalali wa mtawala: kikishuka, fitina hupanda. Kilinde hicho kabla hujanunua mizinga. Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni, wakajenga ngome, na 1512 wakaondoka.

Waliondoka kwa sababu dhahabu haikuwafuata. Humu ukiteka Kilwa na Sofala, fungu la biashara linakuwa lako. Kumbe wafanyabiashara wa Kiswahili walihamia Angoche, mji mwingine wa pwani ya Msumbiji, na mali ikapita huko, Mreno akabaki na ngome na homa. Ningetamani sana gemu impe mfanyabiashara uwezo huo wa kuhama. Ndiyo silaha pekee iliyofanya kazi.

Kuna bidhaa moja ambayo mchezaji wa Kilwa hawezi kuikwepa, nayo ni watumwa. Mpwa wangu alipoona jimbo linaloitoa akaniuliza kama tulipite. Hatukulipita. Nilimweleza mkataba wa 1776, ambao sultani wa Kilwa alikubaliana na Mfaransa aliyeitwa Morice kumuuzia watu 1,000 kila mwaka. Alinyamaza, mkono bado uko kwenye kipanya. Halafu akauliza watu hao walikuwa wanatoka wapi. Nikaisogeza ramani kuelekea magharibi, nikamwonyesha Ziwa Nyasa, tukaanza kuihesabu njia kutoka huko hadi baharini, jimbo kwa jimbo.